Mwisho wa Kitabu cha Tano

Mvua ya Kitale haina adabu. Inanyesha mchana kweupe, watu wakiwa mjini na unga begani na vifaranga kwenye katoni, na wauzaji wote wa kando ya barabara wanatupa nailoni juu ya bidhaa zao kwa mkono mmoja bila hata kuacha kuongea. Ijumaa hiyo ya mwezi wa nane, Nangila aliingia chini ya nailoni moja akikimbia mvua. Hakuwa anatafuta mapenzi. Kwanza hakuwa na nafasi ya kuyaweka.

Alikuwa amevaa sweta jekundu na sketi nyeusi ya kazini, raba zake nyeupe zimeshaonja matope, na rasta zake zilifika kiunoni. Alizisuka Jumapili nzima huko mtaani Tuwan, kwa jirani, akiwa amekaa kwenye kigoda mpaka miguu ikafa ganzi. Alipojifuta uso ndipo akaona yuko wapi. Vitabu. Vitabu vya mitumba, vimepangwa juu ya mbao na ndani ya makasha ya ndizi, vingine havina majalada, vingine vimevimba kwa unyevu.

"Sasa," sauti ilisema nyuma ya makasha. "Mvua ama kitabu?"

"Mvua."

"Mvua itaisha. Chukua kitabu."

Msemaji alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, kabuti la kijani la mtumba limemfika magotini, kofia ya sufu kichwani, kalamu ya risasi sikioni. Waithaka ndiye huyo. Hakuwa na sura ya kuangusha watu njiani, nisiwadanganye. Lakini alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza, na wanawake wenye shughuli nyingi wanajua thamani ya macho hayo.

Nangila alikuwa karani katika duka la mbegu na mbolea, na tajiri wake alikuwa amempa likizo ya wiki mbili kuanzia kesho. "Nataka vitano," alisema. "Vya upelelezi. Vya kusoma likizo."

Waithaka alisimama wima kama daktari aliyeletewa mgonjwa. "Unataka maiti ukurasa wa kwanza, ama unaweza kungoja?"

"Naweza kungoja kidogo."

"Mpelelezi mlevi ama mpelelezi mzee?"

"Mzee."

"Mapenzi?"

"Kidogo tu, isizidi. Na kusiwe na hospitali. Hata moja."

Kijana alimwangalia mara moja, asiulize. Akaanza kuchomoa kitabu hapa, kingine pale, anakipuliza vumbi, anasoma mistari miwili, anakirudisha. Alikataa vitatu kwa sababu vilikuwa na hospitali. Alipomaliza, vitano vilikuwa juu ya ubao, na Nangila alipogeuza kimoja aliona kinaishia katikati ya sentensi.

"Hii haina mwisho."

"Hizo zote ni vibutu," Waithaka alisema bila aibu. "Mkia umekatika. Kitabu kizuri kinasomwa na watu wengi, na chenye kinasomwa na watu wengi kinakatika. Chenye kiko na mwisho mzima ni kile hakuna mtu alimaliza." Akachukua kalamu sikioni, akaandika namba ya simu nyuma ya kila kitabu. "Ukifika penye imekatika, nipigie. Nitakuambia muuaji ni nani. Nimesoma zote."

"Zote?"

"Zote, dada. Mvua ikinyesha unafikiria nafanya nini? Na hiyo likizo ni ya wapi?"

Hapa ndipo Nangila alipodanganya. Wiki hiyo nzima, kila aliyemwambia ukweli alimpa macho ya huruma, na jina la mganga, na jina la mchungaji, na habari za shangazi yake aliyeugua vilevile akafa. Alikuwa amechoka kuhurumiwa. Akataka angalau mtu mmoja katika Kitale yote amwone kama mwanamke anayekwenda kupumzika.

"Mombasa," alisema.

"Waa. Basi uniletee maji ya bahari kwa chupa."

Akacheka. Mvua ikaisha, na Nangila akabaki chini ya nailoni dakika tano zaidi.

Asubuhi yake alikwenda Bungoma, nyumbani kwao, kando ya barabara ya kwenda Lwakhakha. Bahari ya hapo ni mahindi.

Baba yake, Mzee Wepukhulu, alikuwa amelazwa kitanda cha mbao chini ya dirisha la sebule. Alikuwa na kansa ya koo. Madaktari walimrudisha nyumbani na maneno ya upole ambayo maana yake kila mtu aliijua. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Wangila, mwana wa kwanza, alikuwa fundi wa magari Webuye na alikuja alipopata nafasi. Mwenye kumlisha uji wa vijiko vitatu, kumgeuza na kumfuta alikuwa Nangila.

Mzee huyu alifanya kazi kiwanda cha karatasi Webuye miaka ishirini na sita, na mshahara wake wa kwanza, badala ya kununua shati, alinunua kitabu cha upelelezi. Kizungu alikijua. Macho ndiyo yalikuwa yamekataa, na koo nalo likakataa, sauti ikabaki ya kunong'ona.

"Mayi," alimwambia binti yake, maana wazee wa huko humwita binti mama wakimpenda. "Umeleta nini?"

"Maiti tano, Baba."

Mzee aligonga ubao wa kitanda mara tatu kwa kidole. Hayo ndiyo yalikuwa makofi yake siku hizo.

Nangila alisoma kwa sauti, asubuhi na mchana, akisimama pale mzee alipoinua kidole kutaka kufikiri. Siku ya tatu walifika pale kitabu cha kwanza kilipokatikia. Baba alimkodolea macho kama mtoto aliyenyang'anywa kikombe. Ilikuwa saa kumi ya jioni. Nangila akachukua simu, akaiweka kifuani mwa baba yake, sauti wazi, akapiga.

"Hallo. Ni mimi, wa mvua."

"Mvua ama kitabu?"

"Kitabu. Kile cha mwenye duka la saa aliyepatikana amekufa ndani ya kabati."

"Aa, hiyo." Waithaka alivuta pumzi. Nyuma yake zilisikika honi na mtu akiuza maparachichi. "Muuaji ni yule jirani mpole, mwenye alikuwa anapeleka maziwa. Saa zote za duka zilikuwa zinaenda sawa isipokuwa moja, na ni yeye alikuwa ameirudisha nyuma. Basi yule kijana mwenye walikuwa wamesingizia anaachiliwa. Anapanda treni anaenda kwao. Mama yake alikuwa amemwekea chakula, kimepoa, anakipasha. Kijana anakula. Imeisha."

Kidole kiligonga ubao mara tatu.

"Nini hiyo inagonga?"

"Ni… mlango. Mtu wa hoteli."

"Na bahari iko aje?"

Nangila aliangalia dirishani, mahindi yakiyumba. "Iko kijani leo. Inasonga polepole."

"Mbona nasikia jogoo?"

"Ni wa hoteli."

"Hoteli gani iko na jogoo, bana?"

"Ya bei ya chini."

Waithaka alicheka mpaka Nangila naye akacheka, na kifuani mwa mzee simu ikapanda na kushuka, naye akicheka bila sauti. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba hiyo kucheka tangu mwezi wa tano.

Baada ya hapo hawakungoja vitabu kuisha. Kila saa kumi simu ilikuwa inalia. Asipopiga Nangila, anapiga Waithaka. "Msomaji wangu, umekula samaki?" "Nimekula." Alikuwa amekula sukuma. "Umechomeka na jua?" "Kidogo kwa mabega." Uongo ukazaa mwingine, na kila siku alisema kesho nitamwambia, na kila kesho ukweli ulikuwa mzito kuliko jana. Baba alisikia yote. Alikuwa akitazama dari tu, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Kitabu cha pili muuaji alikuwa kaka wa bwana harusi, na bibi harusi akarudi kwao na shela yake mkononi, mamake akampokea langoni. Cha tatu aliyeua alikuwa mwalimu wa kwaya.

"Wewe ulianza lini kupenda vitabu?" Nangila alimwuliza siku hiyo.

"Elfu mbili na nane, zile vurugu za uchaguzi. Tulichomewa nyumba, tukakuwa kwa kambi hapa Kitale, mimi na mamangu, jina lake Waruguru. Kwa hema letu kulikuwa na kitabu kimoja, na ilikuwa kibutu. Mama alikuwa mgonjwa. Kila jioni alikuwa anataka nimwambie mwisho."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia." Kisha akasema, "Alienda tukiwa bado kwa hema. Lakini wacha hiyo, uko likizo."

Nangila alitaka kumwambia hapo hapo. Midomo ilifunguka. Baba akakohoa, kikohozi kile kibaya, na Nangila akakata simu ili amshike.

Siku ya kitabu cha nne Waithaka hakuanza na muuaji. "Ukirudi," alisema, "nataka nikupeleke chai kwa Mary Ann, hapa nyuma ya soko. Na nataka nione hizo rasta zikiwa hazijanyeshewa."

"Ati chai. Unauliza nini hasa?"

"Nauliza kama kuna mtu."

"Hakuna mtu."

"Basi niwe mimi, mpenzi. Ama niache?"

Nangila alifunika simu kwa kiganja, masikio yakimwaka, akamtazama baba yake. Mzee aligonga ubao. Moja. Mbili. Tatu.

"Usiache," alisema Nangila.

Waithaka alipomaliza kusimulia mwisho wa cha nne na simu kukatwa, mzee alimwita Nangila kwa kidole, naye akasogeza sikio. "Huyo kijana anatunga," alinong'ona. "Vitabu vinne, waandishi wanne, na kila mwisho mtu anarudi kwa mama yake. Wazungu hawaandiki hivyo."

"Nimwulize, Baba?"

"Wacha. Anatunga mzuri." Akapumzika, akakusanya nguvu. "Soma cha tano. Hicho nikijua mwisho wake, nitapumzika."

Nangila alijua mzee hakuwa anazungumzia usingizi. Basi alisoma cha tano kama mtu anayebeba maji kwa mikono.

Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Tajiri mmoja ameanguka kisimani, na kijiji kizima kinamshuku Bi Agnes, mwanamke ambaye kila Jumamosi anasema anakwenda kwaya, na kwaya haendi. Inspekta mzee, ambaye anampenda na hataki kukubali, anamfuata kwa miguu Jumamosi moja mpaka nyumba ya mawe iliyofungwa madirisha, anaweka mkono juu ya mlango. Kimekatika hapo. Mzee Wepukhulu alipofika hapo alishika mkono wa Nangila kwa nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo. "Nani?" alinong'ona. "Piga."

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne. Waithaka hakushika. Dawa ya maumivu nayo ilikuwa imeisha, na Wangila alikuwa amefika kutoka Webuye, kwa hivyo jirani akaketi na mgonjwa, ndugu wawili wakaenda mjini kutafuta. Duka la kwanza la dawa hakuna. La pili hakuna. Nje ya la tatu Nangila aliweka kichwa begani mwa kaka yake, akiwa na leso kiunoni na ndala miguuni, na Wangila akamshika mabega kwa mkono mmoja, wa pili umebeba chupa ya chai na kibeti cha dada yake.

Jambo ambalo Nangila hakulijua ni hili. Waithaka alikuwa Bungoma siku hiyo. Alikuja kuchukua mzigo wa vitabu kwa mwalimu mmoja mstaafu, na alikuwa ng'ambo ya barabara, gunia mgongoni. Alimwona mwanamke wa Mombasa amelala begani mwa mwanamume mrefu. Angevuka barabara, angeuliza, habari ingeishia hapo. Hakuvuka. Mtu aliyezoea kujitungia miisho huwa hangoji kuambiwa. Alijitungia wake papo hapo, akaubeba mpaka Kitale pamoja na gunia.

Saa kumi Nangila alipiga tena, na Waithaka akashika. Simu ilikuwa kifuani mwa mzee, sauti wazi, kama kawaida.

"Bahari iko aje leo?" Waithaka aliuliza. Sauti ilikuwa kavu.

"Imetulia."

"Nangila, uko Mombasa?"

Baba yake alimtazama. Macho yalikuwa ya manjano, na yalikuwa yakimsihi. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ilikuwa imefika mwisho. Alibakiwa na hatua moja tu ya kugeuka. Lakini aliwaza kwamba mzee ana haraka, mambo ya Mombasa yatangoja. "Niko," alisema. "Niambie cha tano. Cha Bi Agnes. Tafadhali, niambie haraka."

"Unataka mwisho." Waithaka alicheka, na hakikuwa kicheko. "Hakuna mwisho. Hizo vitabu sijawahi kusoma hata moja. Nilikuwa natunga, na wewe ulikuwa unatunga, hatuna tofauti. Lakini hii nitakuambia bure. Ni yeye. Ni huyo Agnes. Mwanamke mwenye anadanganya kutoka ukurasa wa kwanza, unangoja afanye nini tena? Kaa vizuri na bwana yako."

Simu ilikatika. Nangila alipiga tena, ikalia mpaka ikachoka. Mara ya nne ilikuwa imezimwa.

Aliondoa simu kifuani mwa baba yake, akaogopa kumtazama. Mwishowe alitazama. Mzee hakuwa amekasirika.

"Umeumiza huyo mtoto," alinong'ona.

"Yeye je? Ameniita nini? Mbele yako?"

"Hajui niko." Alifumba macho muda mrefu. "Lete kalamu."

Jioni hiyo, na asubuhi ya Jumatano, maneno mawili mawili, na kati yake mate ya kufutwa na maumivu ya kusubiriwa yapite, Mzee Wepukhulu alisema mwisho wa kitabu cha tano. Nangila aliandika ndani ya jalada la nyuma, juu ya namba ya simu, na pande zake zote. Alilia akiandika, na mzee hakumwambia anyamaze. Kabla hajafika mwisho wa mwisho wake, alichoka. "Mpelekee," alisema. "Mwambie na mimi najua kutunga."

Alhamisi asubuhi, jirani alipokuwa akibisha na maziwa, Mzee Wepukhulu alikufa. Dawa ya maumivu haikuwa imepatikana. Nisiipake sukari, alikufa vibaya, akiwa macho, na binti yake akishika miguu yake.

Nangila hakupeleka kitabu. Alikitia chini ya godoro. Hasira ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichomsimamisha, na hakutaka kuiweka chini. Waithaka alipiga Ijumaa, mara kumi na saba. Aliacha simu ilie juu ya meza huku wanawake wakikata vitunguu.

Walizika Jumamosi. Siku ya tatu baada ya hapo, kama ilivyo desturi ya Wabukusu, ikawa siku ya kunyoa nywele. Watoto wa marehemu waliketi kwenye mkeka, wembe ukapita. Rasta za Jumapili nzima ziliwekwa kando kwenye gazeti, na Nangila akabaki kichwa kitupu, upepo ukikipiga mpaka akahisi ni kichwa cha mtu mwingine. Kisha watu waliketi kwenye viti vya plastiki, na Mzee Wakhungu, ndugu mkubwa wa marehemu, akasimama na fimbo yake. Siku hiyo ndiyo siku ya madai. Ikipita, kinywa cha mdai kimefungwa milele.

"Nani anamdai ndugu yangu?" aliuliza, ulimi wake ukigeuza l kuwa r hapa na pale. "Nani anadaiwa na yeye? Nani ariachiwa neno?"

Mtu mmoja alirudisha jembe. Mwingine alisema alikosana na marehemu juu ya mpaka, hawakupatana, naye anaomba yaishe. Ndipo Nangila akaona kabuti la kijani nyuma ya umati, na moyo wake ukaruka kabla hajaukataza.

"Mimi," Waithaka alisema. "Nadaiwa."

Watu waligeuka. "Huyu ni nani?" Wangila aliuliza, naye akasimama. "Wewe wa wapi, unajua baba yetu wapi?"

"Sikuwahi kumwona." Waithaka alikuwa amevua kofia na anaifinya. "Jina langu ni Waithaka. Nauza vitabu. Ijumaa nilikuwa kwa Mary Ann nakunywa chai, redio ikisoma matangazo ya vifo. Ikasema Mzee Wepukhulu, aliuguzwa nyumbani na binti yake Nangila wa Kitale. Ndipo nikajua jogoo ni wa nani. Na nikajua ni nani alikuwa anagonga." Akaigeuza kofia. "Rafiki yangu Khisa ni wa huku, ameniambia leo ndiyo siku. Mzee aliniuliza mwisho wa kitabu, na mimi nikampatia matusi. Nadaiwa na yeye mwisho."

Minong'ono ilipita. Mtu akacheka, akaacha. Wangila alitazama dada yake, na dada yake alikuwa anatazama mkeka.

"Siku ya madai hatuulizi mtu kwao ni wapi," Mzee Wakhungu alisema. "Tunauliza deni. Basi ripa."

Waithaka alitoa kitabu ndani ya kabuti. Kilikuwa kile kile cha tano, nakala nyingine, nzima. "Nimekitafuta siku tatu, mpaka Eldoret. Niliapa sitatunga tena." Akafungua nyuma, akasoma Kizungu polepole, akieleza kwa Kiswahili kila mstari. Inspekta anasukuma mlango. Ndani ya nyumba ya mawe kuna nguo za tajiri, na saa yake, na kamba ya kisimani. Bi Agnes ameketi, anamngoja. Ni yeye. Alikuwa yeye tangu mwanzo. Wanamnyonga mwezi wa Machi.

Akafunga kitabu. Hakumtazama Nangila. "Ndivyo imeandikwa," alisema. "Nilisema kwa hasira na nikapatia. Lakini hiyo haifanyi nilichosema kikuwe kizuri. Nimelipa, lakini najua sijalipa."

Mzee Wakhungu aliinua fimbo ili afunge. Nangila akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mimi niliachiwa neno."

Aliingia ndani, akainua godoro, akarudi na kibutu mkononi. Ijapokuwa alikuwa bado na hasira, neno la marehemu halilaliwi juu yake siku hiyo, ukilificha, linakukaa kifuani milele. Akasoma alichoandika.

"Inspekta anafungua mlango. Ndani kuna kitanda, na juu ya kitanda kuna mzee mgonjwa. Ni baba yake Agnes. Kila Jumamosi anakuja kumgeuza na kumlisha uji. Hakusema, kwa sababu watu wakijua una mgonjwa wanakuangalia kama umekufa wewe. Hakuua mtu. Tajiri aliteleza tu, watu huteleza. Inspekta anaona aibu. Anataka kusema pole, haijui. Yule mzee kwa kitanda anamwambia, keti. Kuna kiti. Halafu inspekta…"

Aligeuza jalada, hakukuwa na kingine.

"Halafu?" Waithaka aliuliza. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuufuta.

"Hapo alichoka."

Kuku walipita kati ya viti. Mama mmoja alijipangusa kwa leso. Mzee Wakhungu alikuna kidevu chake, akitazama kitabu kimoja, kisha kingine, kama mwamuzi wa mpaka wa shamba. "Sasa ndugu yangu arikosea," alisema. "Kitabu kinasema ni huyo mwanamke."

"Hapana, mzee," Waithaka alisema. "Kitabu ndicho kilikosea."

Aliinama, akaweka kile kizima juu ya mkeka, mbele ya Nangila, akageuka kuelekea barabarani. Nangila alimwangalia akipita kati ya watu, akipita kaburi lenye udongo mbichi, kabuti likinasa kwenye ua. Mkono wake ulikuwa bado umeshika jalada. Alimfuata mpaka mwisho wa boma, akasimama hatua tano nyuma yake, kichwa kitupu, bila hata kitambaa.

"Waithaka."

Aligeuka. Alikiona kichwa, na alikumbuka alichokuwa amesema kuhusu rasta.

"Alikufa bila dawa," Nangila alisema. "Na kitu cha mwisho alisikia kwa hiyo simu ni wewe."

"Najua."

"Sijakusamehe."

"Najua, Nangila."

"Na mimi ilifaa niseme ukweli. Aliniangalia niseme, na sikusema." Alishusha pumzi iliyokuwa imekaa ndani tangu Alhamisi. Jirani alikuwa anaita ng'ombe, na huko nyuma viti vya plastiki vilianza kupangwa juu kwa juu.

"Nitakupigia saa kumi," Waithaka alisema polepole. "Usiposhika, nitaelewa."

"Usipige simu," Nangila alisema. "Kuja. Kiti kiko."